Matembezi ya Kukimbia Wageni

Bellevue, Johannesburg
Februari 2019

Mwanangu Rahma,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzio Yeoville, umesema unarudi sasa hivi, na sasa hivi yako naijua, haipungui saa mbili. Umeme wamekata, ni zamu ya mtaa wetu, kwa hiyo nakuandikia kwa mshumaa juu ya meza ya cherehani. Mistari ikienda mshazari usinicheke. Baba yako yuko msikitini. Chumba cha pili Mama Furaha anamsuka mteja kwa tochi ya simu huku akimsema mumewe aliyeko Uvira, Kongo, na mteja anacheka na kulalamika kichwa kinauma, vyote pamoja.

Sitakuandikia habari za koti, wala dawa, wala kuswali. Hayo nimeyasema mwezi mzima mpaka umekuwa unaniigiza mbele ya watu. Nataka kukuandikia habari za matembezi yetu ya China, yale unayoyapenda. Wiki hii nimejaribu kukwambia kwa mdomo, nikaishia kukuuliza kama umepakia soksi. Eish, kama mnavyosema nyie. Mdomo wangu huu unaojibizana na wauza vitambaa wa mji mzima, kwa hili umekufa ganzi.

Barua nitaitia kwenye begi lako la mkononi. Isome ndani ya ndege, kabla hujatua Guangzhou. Kiswahili chako cha kusoma kinachechemea, najua, lakini usimpe mtu akusomee, na hasa usimpe Mama Mkubwa Zuhura utakayefikia kwake. Inamhusu yeye, na nataka uingie kwake ukiwa unajua unaingia nyumba ya nani.

Siku ile ulitusomea ulichoandika kuomba nafasi ya chuo. Uliandika kwamba kila Jumamosi baba na mama walikuwa wakikuonyesha China. Ukataja lile ziwa la Zhaoqing na boti za kupiga kwa miguu, na yale majumba ya minara ya Kaiping yaliyosimama katikati ya mashamba ya mpunga. Ukataja na vile vibibi vilivyokuwa vikicheza ngoma bustanini kwa redio kubwa, vikanivuta mkono nikacheza nao na mtandio wangu kichwani. Uliandika hizo ndizo siku zilizokufanya utake kurudi. Baba yako alifuta macho. Mie nikainuka kwenda kukoroga chungu, na jikoni hapakuwa na chungu.

Mwanangu, hatukuwa tukikuonyesha China. Tulikuwa tukikimbia wageni. Yaani, mie ndiye niliyekuwa nakimbia. Nyie nilikuwa nawaburuta.

Wewe unaikumbuka Guangzhou ya mtoto, ngoja nikupe ya mtu mzima. Baba yako aliajiriwa na kampuni ya kusafirisha mizigo, nayo ikatupa nyumba ghorofa ya sita. Sakafu ya vigae vyeupe, mashine ya kufulia, maji ya moto ukifungua tu. Mie binti wa Ngamiani, Tanga, niliyekua nikibeba ndoo kichwani kutoka kwa jirani, nikawa mama wa ghorofani. Asubuhi nakupeleka shule, napita sokoni nikikwepa yale mabeseni ya vyura hai, nanunua mboga na samaki anayerukaruka, narudi kupika. Jioni unanipitisha mtaani ukiongea Kichina kama maji, wauza matunda wanakupa machungwa bure, na mie nyuma yako natabasamu kama bubu. Mwaka wa kwanza upweke ulinila. Mgeni kutoka nyumbani akija, nilikuwa namng'ang'ania asiondoke.

Na wageni walikuja. Mtu wa Tanga akishuka ugenini hatafuti hoteli, anamtafuta mtu wa Tanga. Kina mama wafanyabiashara walishuka mwisho wa wiki na masanduku matupu ya kurudia na mzigo, na dagaa, na unga wa muhogo, na habari za mtaa mzima. Walilala sebuleni, kitanda chako wakapewa wenye umri, wewe ukalala katikati yetu. Jumatatu nawapeleka sokoni, jioni sebule inageuka ghala. Mgeni njoo mwenyeji apone, na wallahi nilikuwa napona.

Kisha nikazoea vigae. Siku moja tulikuwa ndani ya lifti, mama mmoja wa Kichina akashika pua akasema neno. Nikakuuliza kasemaje. Ukanijibu huku unacheka, "Mama, anasema nyumba yetu inanuka samaki waliokufa." Ulikuwa mtoto, ulitafsiri tu. Lakini mie nilitoka kwenye lifti ile uso umeniiva, na badala ya kumkasirikia yule mama nikawakasirikia watu wangu. Nikaanza kuona visigino vyao vilivyopasuka. Nikaanza kusikia wanavyoitana kwa sauti kutoka ghorofa hii hadi ile. Nikamwambia baba yako nimechoka, polisi wanataka kila mgeni aandikishwe kituoni, kila siku mie na pasi za watu mkononi. Ilikuwa kweli, ila haikuwa sababu. Sababu ni kwamba sikutaka yule mama wa lifti aone kuwa mie ni mmoja wao.

Ndipo nikavumbua matembezi. Ijumaa jioni nafunga chapati na chupa ya chai, Jumamosi alfajiri tuko stesheni na simu nimezima. Masikini baba yako alidhani mkewe amependa kutembea. Alikuwa akiniletea ramani! Na kweli tulicheka, kweli tulikula viazi vitamu vya kuchoma njiani, kweli watu walikuwa wakijipanga kupiga picha na wewe. Hayo sikuyatunga.

Palibaki yule mlinzi wa getini, mzee wa kofia uliyekuwa ukimwita babu. Kichina changu cha sokoni kilikuwa hakitoshi kumweleza jambo. Chako kilitosha. Nikakusimamisha mbele yake nikakwambia, "Mwambie, wakija Waafrika wenye masanduku wakituulizia, aseme tumehama."

Ukanitazama. "Tumehama kweli?"

"Ni mchezo tu, mwanangu."

Ukamwambia. Yule mzee akakutazama wewe, kisha akanitazama mie, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaitikia kwa kichwa. Nikampa chapati. Tangu hapo kila tukitoka ulikuwa ukimpungia mkono na kumwambia kwa Kichina kwamba tumehama tena, mnacheka wote wawili. Uliuita mchezo wa kuhama. Labda umeusahau. Mie sijausahau hata siku moja. Mama gani anautoa uongo wake kinywani mwake na kuutia kinywani mwa mtoto wa miaka minane?

Sasa Zuhura. Huyu ni binti wa mama yangu mkubwa, amenizidi miaka minne, na utotoni ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni. Alikuwa akiuza vitambaa vya harusi pale Tanga, akajikusanya mpaka akaweza kuja kununua mwenyewe. Safari yake ya kwanza nje ya nchi. Bibi yako akanipigia simu akiwa na furaha, "Mwanaidi, dada yako anakuja Jumamosi. Nimemwambia hana haja ya kuhangaika, mlango wako ni wake."

Jumamosi hiyo ilikuwa mkesha wa Mwaka Mpya wao. Rahma, unaujua Mwaka Mpya wa China. Masoko yanafungwa nusu mwezi, viwanda vimefungwa, wenye maduka wote wamekwenda kwao, hata pa kula unatafuta. Kila mwenyeji analijua hilo. Mgeni wa mara ya kwanza ndiye asiyejua. Nilitakiwa niseme neno moja tu, "Mama, mwambie asogeze safari, huku wanafunga." Neno moja. Sikulisema. Nilijua nikilisema nitaulizwa basi aje lini, na nitalazimika kutaja siku, na siku ile nitalazimika kuwepo. Nikasema, "Sawa mama, nitampokea." Baba yako nikamwambia Zuhura ameahirisha. Ijumaa tukapanda treni ya usiku kucha kwenda Guilin, ile safari yenye milima iliyochongoka na mto, ambayo picha yake umeibandika juu ya kitanda chako mpaka leo.

Tuliporudi, yule mzee wa getini alikusimamisha, akakueleza jambo refu kwa sauti ya chini. Ukaja kwangu mbio. "Mama, anasema alikuja mama mmoja na sanduku. Kamwambia tumehama, hakuelewa, akapanda juu. Aliposhuka alikuwa analia."

Baba yako akauliza ni nani. Nikasema, "Atakuwa kakosea jengo."

Kwenye kitasa cha mlango wetu palikuwa na kifurushi kimefungwa kwa kanga ya bibi yako. Visheti, na samli ndani ya kopo la maziwa. Nilikitia chini ya mtandio kabla baba yako hajatoka kwenye lifti na mabegi. Pembeni ya mlango palikuwa na ndala zako za waridi, na juu ya mlango ile Ayatul Kursi yetu. Zuhura alisimama hapo akaziona. Alijua hatujahama. Na hata hivyo alikitundika kifurushi, kwa sababu kilikuwa amana ya mama yangu, akateremka ghorofa sita na sanduku lake.

Unadhani nilitoka kumtafuta? Sikutoka. Nilimpigia simu bibi yako nikamwambia visheti vitamu, Zuhura amefika salama, yuko hapa. Akasema, "Alhamdulillahi, hebu nipe nizungumze naye." Nikasema, "Amelala, mama. Safari imemchosha."

Habari zake nilikuja kuzisikia baadaye, mtaani, watu wakizisimulia kama kichekesho. Alizunguka na sanduku mitaa iliyofungwa mpaka akaona maandishi ya Kiarabu juu ya mlango wa mkahawa wa tambi, wa Wachina Waislamu. Akaingia akatoa salamu ya dini, kwa kuwa hakuwa na neno jingine la kuwaambia. Wakamwitikia. Wakamkalisha, wakampa bakuli la supu, na usiku akalala juu ya mkahawa pamoja na mabinti zao. Alikaa nao mpaka masoko yakafunguliwa. Alijifunza kukanda unga wao, akajifunza na lugha, na baadaye ndiyo ikamfanya wakala wa mizigo. Leo watu wetu wakishuka Guangzhou wanashukia kwake.

Tulikutana mara moja sokoni, wewe ulikuwa shule. Alinisalimia, "Hujambo mdogo wangu? Rahma hajambo?" Hakukunja hata uso. Nikamwambia nina haraka. Na tangu siku hiyo, badala ya kumuomba msamaha, nikaanza kumsema. Zuhura ana maringo. Zuhura kapata vijisenti anajiona. Umeyasikia kwangu utoto wako wote, na wiki iliyopita nilikusikia ukimwambia mtoto wa Mama Furaha kuwa unakwenda kukaa na mama mkubwa wako mwenye kiburi. Loo, nilitamani ardhi inimeze. Zuhura hana maringo, mwanangu. Mie nilihitaji awe nayo. Ukishamkosea mtu na hutaki kukiri, inakubidi umtafutie ubaya, la sivyo hulali.

Unaukumbuka mwaka 2015, maduka ya wageni yalipokuwa yakivunjwa. Tulikuwa tumeshahamia huku Johannesburg, tumepanga mtaa wa La Rochelle. Mwenye nyumba akaja asubuhi akasema samahani, ondokeni, nyumba yangu isije kuchomwa kwa ajili yenu. Baba yako alipiga simu kwa watu wetu wa Tanga waliopo mji huu, mmoja baada ya mwingine. Simu nyingine hazikupokelewa. Nikasema moyoni, haya Mwanaidi, wamekwenda matembezi. Mama Furaha nilikuwa namshonea mapazia tu, hata jina lake kamili silijui. Alikuwa na chumba kimoja hapa Bellevue na watoto wanne. Alifungua mlango, akatuona na mabegi, akasema, "Ingia, mama. Batoto balale huku, sisi bakubwa tutajua."

Wewe uliingia. Baba yako akaingia. Mie nilisimama kizingitini, na Mama Furaha akadhani naogopa, akanishika mkono. Sikuwa naogopa. Nilikuwa naona haya.

Bado sikumpigia Zuhura. Unaona mama yako alivyo? Aibu nilikuwa nayo, lakini kiburi kilikuwa kinaijua njia zaidi.

Mwaka juzi bibi yako alipofariki nilikwenda Tanga kuzika. Tumekaa matangani, mama mdogo wangu akanikumbatia akasema, "Mama yako kafa ana radhi na wewe. Zuhura alimpigia simu kutoka China, akamhadithia ulivyompokea. Kwamba alilala kitanda cha Rahma, kwamba ulimpikia wali wa nazi. Mama yako alikuwa akiirudia hadithi hiyo kwa kila anayeingia." Nililia mpaka wakanimwagia maji. Watu wakasema, masikini, anamlilia mama yake.

Alinisitiri, Rahma. Mtu niliyemfungia mlango alikwenda akautunga ukarimu wangu, akampa mama yangu afe nao.

Baba yako alipopanga ufikie kwa Zuhura, hakujua lolote. Aliona tu ni ndugu. Juzi nikamwambia yote. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliuliza, "Ile siku nilipokuuliza getini?" Nikasema, "Ndiyo, ile." Akavaa kofia akatoka, na tangu juzi anaongea na mie mambo ya mabegi na uwanja wa ndege tu.

Na leo alasiri nimempigia Zuhura. Kwao ilikuwa usiku tayari.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mtoto yuko tayari?"

"Yuko tayari. Dada, ile siku ya mlangoni..."

Nikasikia watu wengi nyuma yake wakicheka, Kiswahili cha kwetu kabisa, kisha mlango ukafungwa.

"Nilingoja uiseme miaka kumi," akasema. "Nikajua hutaisema."

"Nisamehe."

"Mama yako nilimdanganya kwa ajili yake. Usidhani nilikufanyia wewe. Alikuwa mzee, na alinilea."

"Najua, dada."

"Hujui. Nilikaa chini pale mlangoni nikasema, labda wamekwenda dukani. Nikakaa mpaka taa za ngazi zikawa zinazimika zenyewe kwa kuwa sitikisiki."

Kisha akasema, "Rahma nitampokea mwenyewe uwanjani. Chumba chake nimepaka rangi. Ale, alale, alete na wenzake. Yeye ni mwanangu, sina neno naye. Lakini wewe, Mwanaidi, usije. Usinipigie ukisema unapita kumwona mtoto. Siku nikiweza nitakuita mwenyewe. Nisipoweza, usiniulize."

Nikasema sawa. Akakata.

Basi ndiyo hivyo. Mchuma janga hula na wa kwao, na hili nililolichuma ninakufungia kwenye begi unapoondoka. Utakapomaliza masomo yako wenzio watatembelewa na mama zao, na wewe utaulizwa wako yuko wapi. Usimtungie hadithi. Sema hajaitwa.

Neno ulilomwambia yule mlinzi halikuwa lako. Mdomo ulikuwa wako, uongo ulikuwa wangu, na ole wake atakayekwambia vingine, hata ukiwa wewe mwenyewe usiku unapogeuka kitandani. Wala usijitie kuosha vyombo vya nyumba nzima ili kunilipia. Zuhura atakutambua siku ya kwanza tu, na atachukia. Kaa kwake kama mtoto wa nyumba. Cheka, ombaomba, chelewa kuamka, gombana na watoto wake. Na usinitetee. Akinisema mbele yako, ana haki, na akinyamaza ana haki.

Nimejiuliza sana kama nakuharibia Jumamosi zako. Nilitaka nikuachie, uondoke nazo zikiwa safi. Lakini ungeingia nyumba ile ukimsimulia Zuhura kwa furaha habari za Guilin, na milima, na ule mto, naye angekusikiliza anatabasamu kama alivyozoea kunisitiri. Hilo nisingeweza kulivumilia. Ziwa lilikuwa ziwa kweli, mwanangu, na ulivyonishika shingo ndani ya ile boti ilikuwa kweli. Zichukue, ni zako. Jua tu zilikatwa kutoka kitambaa cha nani.

Nasikia sauti yako getini, unaongea Kizulu na yule kijana wa kiduka cha spaza. Ninamaliza.

Tangu nijue kuandika, sijawahi kufunga barua bila kutuma salamu kwa mwenye nyumba. Hii naifunga bila. Salamu zangu usimpelekee Mama yako Mkubwa. Mpelekee zako.

Mama yako,
Mwanaidi